Kumfundisha mwanafunzi wa udaktari kupima kifua: mwongozo kamili kwa anayefundisha wodini

Mainterni na matabibu waliokabidhiwa wanafunzi huniuliza swali lile lile kila msimu: "Nimewapitisha kwenye kifua mara tatu, nne. Mbona wakisimama mbele ya mtahini mikono inakufa?" Wamewaonyesha, wamewachorea ubaoni, wamewatumia video kwenye simu. Mwanafunzi anazitaja hatua zote, kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza, kama anayekariri sala. Mpe mgonjwa aliyejaa maji kifuani upande mmoja, ataandika "kifua kiko safi".

Kabla ya kukueleza namna ya kufanya, nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nisiyoitaja, nilisimama na wanafunzi watano kando ya kitanda cha mzee mmoja nikawaambia: "Sikilizeni mgongoni, chini kulia, kuna mikwaruzo." Wakapanga foleni. Wa kwanza akaitikia kwa kichwa. Wa pili akasema, "Ndiyo dokta, inasikika kabisa." Wa tano akaongeza kwamba hata kushoto ipo kwa mbali. Nikafungua faili niwaonyeshe picha, kumbe nimechanganya vitanda. Yule mzee alikuwa na ngiri, anasubiri upasuaji. Nikaweka stetoskopu yangu: mapafu yake yalikuwa mazuri kuliko ya kwangu.

Wale vijana hawakuwa waongo. Mimi ndiye niliyewafundisha kusikia nilichokwisha kuwatajia. Mpangilio ufuatao umejengwa juu ya jambo hilo moja: mikono na masikio ya mwanafunzi yatangulie, mdomo wa mwalimu na faili vifuate.

Nimechagua kifua kwa sababu ndicho kinachowakwamisha wengi, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hukosi wodini mtu wa nimonia, wa kifua kikuu, au mama aliyepika kwa kuni miaka arobaini ndani ya jiko lililofungwa madirisha kwa sababu ya baridi. Tumbo na moyo utavifundisha kwa njia hii hii.

## Vitu vya kuandaa

- Dumu la lita 20, lijazwe maji nusu. Lile la njano la mafuta ya kupikia linatosha kabisa.
- Kitenge au shuka ya kulifunika dumu.
- Chaki, na kalamu ya wino unaofutika kwa spiriti.
- Futi ya fundi cherehani.
- Mashine ya presha yenye mkanda wa kunata. Hapa hatupimi presha, utaona kazi yake.
- Saa yenye mshale wa sekunde.
- Stetoskopu, moja kwa kila mwanafunzi ikiwezekana. Kuazimana kunakula muda.
- Pazia au paravani, na blanketi la ziada.
- Sanitaiza au maji na sabuni.
- Barakoa. Mkienda kwa mgonjwa anayekohoa, ninyi mvae za N95, zile zinazochuja vijidudu vya hewani.
- Vipande vya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, na kikata kucha.

Wanafunzi wasizidi watano. Ukiletewa kumi na wawili, wagawe, hata kama itabidi urudie kesho. Mwanafunzi wa sita nyuma ya wenzake hajifunzi kupima, anajifunza kusimama.

Tenga saa moja na nusu. Mgonjwa umpe dakika 20 hadi 25 tu kati ya hizo, muda mwingine wote ni wa kazi isiyomhusu.

## Hatua ya 1: Tafuta mgonjwa, umwombe mwenyewe

Nenda peke yako, bila kundi nyuma yako. Mtu aliyelala akaona makoti meupe sita yamemzunguka hana nafasi ya kukataa. Msalimie kwanza kwa salamu yake. Kama ni mzee wa Tukuyu au Kyela na Kiswahili chake ni cha kukwama, tafuta muuguzi anayezungumza Kinyakyusa, na Kihehe au Kibena ukiwa Iringa na Njombe. Mweleze watakuja wangapi, watafanya nini, watakaa muda gani, na kwamba akikataa matibabu yake hayabadiliki hata kidogo. Akisema "sawa tu dokta" huku anatazama ukutani, hiyo si ruhusa. Mshukuru, nenda kwa mwingine.

Tazama pia nani amekaa kando ya kitanda. Kama ni mkamwana wake anayemuuguza, usimvue mzee shati mbele yake. Mwombe binti atoke kidogo, na utaona mzee mwenyewe anavyoshusha pumzi. Kwa mgonjwa wa kike awepo muuguzi wa kike, bila mjadala.

Onyo. Anayekohoa wiki mbili au zaidi na majibu yake ya makohozi hayajatoka si wa kufundishia. Mbeya mwezi wa Juni na Julai kila dirisha la wodi linafungwa kwa ajili ya baridi, na hiyo ndiyo hewa ambayo vijidudu vya TB vinaipenda. Fungua madirisha, ongeza blanketi. Ukiona madirisha hayafunguki, fundishia kwingine.

## Hatua ya 2: Anza na dumu

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu kugonga ndiko kunakowaangusha, na nusu ya kushindwa huko ni ya vidole kabla haijawa ya masikio.

Kila mwanafunzi wako ameshawahi kugonga simtank nyumbani kujua maji yameishia wapi. Anza na kumbukumbu hiyo. Juu panalia, chini pamekufa, na katikati kuna mahali sauti inabadilika. Kifua hakina maajabu zaidi ya hayo: penye hewa panalia, penye maji au nyama pamekufa.

Kwanza kucha. Kidole cha kati cha mkono unaogonga kiwe na kucha fupi kabisa, isipite nyama. Mwenye kucha ndefu atagonga kwa tumbo la kidole ili asimuumize mgonjwa, na sauti haitatoka. Ndiyo maana kikata kucha kimo kwenye orodha, na sioni aibu kukitoa.

Kisha mikono. Kwa anayetumia mkono wa kulia:

Kidole cha kati cha kushoto kilazwe na kubanwa sawasawa juu ya dumu. Vidole vingine viinuliwe, visiguse. Vikigusa vinaua mlio, sawa na kuweka kiganja juu ya ngoma inayolia.

Kidole cha kati cha kulia kikunjwe kama ndoana. Kigonge kiungo cha mwisho cha kile kilicholazwa, nyuma kidogo ya kucha. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, kama unayekung'uta maji mkononi. Mkono wa juu utulie. Kidole kikishagonga kiruke mara moja. Gonga mara mbili, hama.

Mwambie mwanafunzi afumbe macho. Wengi hukikodolea macho kidole kama wanaosubiri kitu kitokee. Akifumba, atagundua jambo ambalo vitabu hulipita haraka: tofauti haisikiki tu, inahisiwa pia chini ya kile kidole kilicholazwa. Penye hewa panarudisha mtetemo, penye maji ni kama kugonga ukuta. Wodi yenye kelele humwachia mpimaji hisia hiyo peke yake, na wodi zetu nyingi ni zenye kelele.

Sasa funika dumu kwa kitenge, maana dumu la njano linaonyesha maji kwa nje. Mwanafunzi agonge kuanzia juu kushuka, apige mstari wa chaki juu ya kitenge pale sauti inapobadilika. Aliyemaliza akung'ute ule mstari kabla mwenzake hajakaribia. Wote wakimaliza, funua, pima.

Makosa utakayoyaona. Kugonga kwa mkono mzima kama anayebisha hodi. Kuacha kidole kimeng'ang'ania baada ya kugonga. Kulaza kidole kilegevu. Kugonga mara tano sita mahali pamoja akitumaini sauti itajirekebisha. Usiwakosoe kwa jumla. Shika mkono wa mhusika, urekebishe jambo moja, mwache arudie.

Utajua wamefaulu kila mmoja akiweka mstari wake ndani ya upana wa vidole viwili kutoka usawa halisi wa maji, mara mbili mfululizo, ukiwa umebadilisha kiasi cha maji bila yeye kujua. Asiyefika hapo asiende kwa mgonjwa leo. Najua ratiba inabana, lakini anayeshindwa kwenye dumu hawezi kuweza kwenye mbavu.

## Hatua ya 3: Wapimane, wajue kilicho kizima

Mwanafunzi asiyekijua kifua kizima hawezi kukitambua kibovu. Wavulana na wavulana, wasichana na wasichana nyuma ya pazia. Asiyetaka kuvua asilazimishwe wala kuulizwa sababu, atakuwa mpimaji.

Kwanza wapate sauti tatu za mwili. Wagonge paja: hiyo ni sauti iliyokufa. Wagonge kifua chini ya mtulinga wa kulia: hiyo ni sauti ya hewa ya kawaida. Wajaze hewa mashavuni wagonge shavu: hiyo ni sauti ya ngoma tupu. Nikiwa kwenye raundi husikia mwanafunzi akigonga paja lake kimyakimya kujikumbusha, halafu anarudi kwa mgonjwa. Hilo hunifurahisha kuliko jibu sahihi.

Kisha watafute mpaka wa juu wa ini. Mmoja ajitolee. Wenzake wagonge upande wa kulia, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, kuanzia nafasi ya pili ya mbavu. Ili waipate hiyo nafasi bila kubahatisha, waguse kifundo kilicho sehemu ya juu ya mfupa wa kidari: ubavu unaoungana hapo ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Kwa mtu mzima mwenye afya sauti hufa kwenye nafasi ya tano hivi. Aweke alama ya wino, apime kwa futi kutoka mtulinga, aandike namba kwenye karatasi yake, afute alama.

Anayepimwa apumue kawaida tu. Mmoja akigonga pumzi ikiwa imevutwa na mwingine ikiwa imetolewa, namba hazitalingana na watalaumiana bure.

Utajua wamefaulu karatasi zote zikitofautiana kwa sentimita mbili au chini.

Masikio nayo: wasikilize juu ya koo la hewa, kisha chini mgongoni. Kooni sauti ni kavu, kuna mwanya kati ya kuvuta na kutoa, na kutoa ni kurefu sawa na kuvuta au zaidi. Mgongoni sauti ni laini, kuvuta ni kurefu, kutoa ni kufupi, na hakuna mwanya. Warudie mpaka waweze kueleza tofauti kwa maneno yao. Baadaye wakiisikia ile sauti ya kooni mahali ambapo si pake, watajua kwamba pafu hapo limeganda, yaani limejaa majimaji ya ugonjwa mahali pa hewa.

## Hatua ya 4: Onyesha mara nne

Mfumo huu walimu wa tiba wanaujua kwa jina la Peyton. Mara ya kwanza unapima kimya, kwa kasi yako ya kawaida. Ya pili unapima polepole ukieleza kila tendo. Ya tatu mwanafunzi anakuelekeza wewe la kufanya. Ya nne anafanya mwenyewe huku akieleza.

Wengi wetu tunaruka ya kwanza na ya tatu. Ya kwanza inampa picha nzima, ajue kazi safi inafananaje. Ya tatu ndiyo yenye utamu. Mwanafunzi akikuambia "gonga kifua", wewe fanya hivyo hivyo alivyosema: gonga mara moja katikati ya mfupa wa kidari, simama, mtazame. Atacheka, kisha atasema, "Hapana dokta, hapo kwenye nafasi ya pili." Gonga kwa kidole kimoja bila kulaza kingine. "Laza kidole kwanza." Kiweke juu ya ubavu. "Kati ya mbavu!" Dakika tano za namna hiyo zinafichua matundu yote ya maarifa yake, na ameyaziba mwenyewe.

Fanya hatua hii kwa mwenzao aliyejitolea, isiwe kwa mgonjwa.

## Hatua ya 5: Sasa kwa mgonjwa, mikono nyuma

Sanitaiza sekunde 20 hadi 30, au maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Faili libaki ofisini. Si mezani wala mikononi mwako likiwa limefungwa. Ofisini.

Wasimame miguuni mwa kitanda, mikono nyuma, dakika moja nzima bila neno. Watazame kifua kinavyopanda: upande upi unachelewa? Misuli ya shingo inafanya kazi ya ziada? Ngozi kati ya mbavu inazama? Waangalie pia chale. Huku kwetu mtu anayeumwa mbavu mara nyingi amepita kwa mganga kabla ya kufika kwako, na chale mpya za upande mmoja zinakuonyesha palipouma. Asitokee mwanafunzi wa kumgombeza mgonjwa kwa chale. Ni taarifa, ishike.

Pumzi zihesabiwe kwa sekunde 60 kamili huku mpimaji akishika mshipa wa mkono kama anayehesabu mapigo, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadilika. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Ukikuta mwanafunzi anaandika 18 kwa kila mgonjwa, hajahesabu.

Oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, iwe ya mwisho. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na namba za huku zinaweza kuwa chini kidogo ya zile alizozizoea aliyetoka Dar. Isitoshe, kidole kilichopoa kwa baridi hukidanganya kile kifaa.

## Hatua ya 6: Kupapasa

Mikono ipashwe joto kwanza. Kusugua viganja kunasaidia, kushika kikombe cha chai kabla ya kuingia kunasaidia zaidi.

Koo la hewa: kidole kimoja kwenye kishimo juu ya kidari, taratibu, ukiwa umemwambia mgonjwa. Likiwa limesukumwa kando, kuna kitu kikubwa kinalisukuma au pafu lililosinyaa linalivuta.

Kutanuka: viganja vishike mbavu mgongoni, dole gumba zikutane kwenye uti wa mgongo bila kukandamiza, mgonjwa avute pumzi ndefu. Gumba ziachane sawasawa. Upande wa gumba lililobaki nyuma ndio wenye shida.

Mtetemo wa sauti ndio unaonigombanisha na wenzangu. Mwanafunzi anaweka mkono kifuani na kumwambia mgonjwa: "Sema tisini na tisa." Tumeichukua kutoka vitabu vya Kiingereza, nao waliichukua kwa Wajerumani, na kila ilipovuka lugha ilipoteza kazi yake. Kinachotetemesha kifua ni sauti nzito. "Tisini na tisa" ni i, na s, na t, sauti nyembamba zinazopita puani na menoni. Mimi humwomba mgonjwa aseme "moja, moja, moja", kwa sauti nene, au "arobaini na nne" avute ile "ro". Jaribu zote sasa hivi, mwenzako akisema na kiganja chako kikiwa mgongoni mwake, uamue.

Mtetemo ndio unaokata shauri kati ya vitu viwili vinavyofanana kwenye kugonga. Pafu lililoganda kwa nimonia huupitisha mtetemo vizuri zaidi. Maji nje ya pafu huuzima.

## Hatua ya 7: Kugonga mgongo wa mgonjwa

Mgonjwa akae, ajikumbatie, kila kiganja kwenye bega la upande wa pili. Hiyo inavuta mifupa ya bega iachie nafasi. Asiyeweza kukaa mwenyewe ashikwe na mmoja wa wanafunzi kwa mbele.

Wagonge kulia, kisha kushoto usawa ule ule, kisha kushuka. Kifua cha mgonjwa kinalinganishwa na kifua chake mwenyewe. Anayemaliza upande mmoja wote ndipo ahamie wa pili atakuwa ameshaisahau sauti ya kwanza.

Pale inapobadilika, alama ya wino. Asiseme. Anayefuata asimame nyuma ya pazia mpaka aitwe, na alama ya mwenzake ifunikwe kwa shuka au ifutwe. Ni usumbufu, nakubali. Lakini ukiacha alama ya kwanza wazi, umerudi kwenye kosa langu la mzee wa ngiri.

Sauti iliyokufa kabisa kama paja, yenye mpaka unaoupata tena ukirudia, hutia shaka ya maji. Iliyofifia tu huweza kuwa pafu lililoganda. Inayolia kupita kiasi upande mmoja, kwa mgonjwa anayehema, ni ya kusimamisha darasa: huenda hewa imetoka nje ya pafu, na anahitaji daktari wake kuliko wanafunzi wako.

## Hatua ya 8: Kusikiliza

Ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua. Utashangaa ni wangapi wanavaa kinyume halafu wanailaumu stetoskopu.

Ngozi iwe wazi. Wagonjwa wetu huvaa shati, sweta, na kitenge juu, na mwanafunzi mwenye haya hupenyeza stetoskopu juu ya sweta. Sufu ikisuguana na kifaa inatoa mikwaruzo mizuri kabisa ya nimonia isiyokuwepo. Funua sehemu unayosikiliza, nyingine ifunikwe.

Onyo la baridi. Mgonjwa anayetetemeka hutoa mngurumo wa misuli unaofunika kila kitu. Ukiona nywele za mkono zimesimama, acha, mfunike, subiri dakika tano. Pasha kile kisahani cha stetoskopu kiganjani.

"Vuta pumzi" peke yake haitoshi, mgonjwa atavuta kwa pua kama anayenusa. Mwonyeshe kwa mdomo wako: fungua, vuta, toa. Baada ya pumzi tano au sita mwache apumzike, la sivyo atapata kizunguzungu.

Mgongoni wasikilize sehemu sita kila upande, kulia na kushoto kwa zamu, na wasisahau chini ya kwapa. Kila mahali pumzi moja nzima, kuvuta na kutoa. Wanaohamisha kifaa pumzi ikiwa nusu hukosa miluzi, ambayo mara nyingi iko kwenye kutoa.

Na ile mikwaruzo? Vitabu vinasema usugue nywele kati ya vidole karibu na sikio. Kwa nywele zetu zilizokatwa fupi, pole. Chukua mkanda wa mashine ya presha, ufungue ule mnato taratibu, milimita kwa milimita, karibu na sikio la mwanafunzi. Hiyo ndiyo mikwaruzo mikavu. Chumvi ikidondokea kikaango cha moto ni binamu yake. Akiisikia kwa mgonjwa, amwombe akohoe, asikilize tena. Ikihama au ikipotea, huenda ilikuwa makohozi tu. Ikibaki, aiandike.

## Hatua ya 9: Karatasi kabla ya mdomo

Kila mmoja aandike, peke yake, bila kumtazama mwenzake: nimeona nini, nimegusa nini, nimegonga nikapata nini, nimesikia nini. Mstari wa mwisho ni "nadhani ni". Ruhusu waandike "sina hakika", na ukiikuta usiidharau. Aliyeandika "sina hakika, chini kushoto" anakaribia kujua. Aliyeandika "kifua kiko safi" kwa mwandiko mzuri ndiye wa kumrudisha kitandani.

Kusanya. Ndipo lete faili na picha ya eksirei. Angalia tarehe ya picha kabla hujamhukumu mtu, kwani mgonjwa aliyetolewa maji juzi hafanani na picha ya wiki iliyopita.

Mara moja katika vipindi vinne hivi, wapeleke kwa mgonjwa mwenye kifua kizima na usiseme chochote. Siku hiyo ndiyo utakayojua kama wanasikia au wanakubashiri wewe.

## Hatua ya 10: Mrejesho, na kumwacha mgonjwa vizuri

Mrejesho ufanyike nje ya wodi. Mwanafunzi aanze mwenyewe: nini kilikwenda vizuri, nini kilimshinda. Wewe ongeza jambo moja la kurekebisha, moja tu, na useme lini utalitazama tena.

Kitandani msijadili kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa mkidhani haelewi. Neno "cancer" na neno "TB" anayajua. Akiyasikia katikati ya maneno mengine asiyoyajua, usiku hatalala.

Kabla ya kuondoka, mmoja wa wanafunzi amwambie mgonjwa kwa Kiswahili cha kawaida mliyoyafanya, amshukuru, amsaidie kuvaa. Mzee mmoja tuliyemaliza kumpima, mgongo umejaa mistari ya wino na namba za futi, alituuliza: "Sasa kiwanja mmeshapima. Hati naipata lini?" Tulicheka mpaka sista akachungulia. Kisha binti aliyekuwa wa mwisho kupima akachukua pamba ya kumfutia, na kabla haijagusa ngozi akamwambia, "Babu, hii spiriti ni ya baridi."